Nilivyopataja Pahala pa Ukindu

Nimesoma chuoni, Kurani, na skuli nikaishia darasa la pili, lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Majina ya watu wa habari hii ninayo yote. Siyaandiki, maana wengine tunaswali nao.

Msitu wetu, ukitoka kijijini kwenda upande wa Tumbe, zama za Mwingereza ulikuwa wa serikali, wa mbao, na askari akimkuta mama yangu mle ndani humfukuza kama kuku. Kesho yake mama karudi. Baadaye yakaja magari kubeba magogo. Kisha ukaitwa hifadhi, na siku hizi ni wa watu kwenda kupumzika. Siye wanawake miaka yote hiyo tukiingia kukata ukindu wa mikeka. Ukishakata jani changa la katikati, unafunga fundo jani la pembeni, ili mwenzio akiliona aupite mkindu ule upone. Sijapata kusikia aliyefungua fundo la mwenziwe.

Basi akaja bwana mmoja wa ofisini na daftari, anauliza pahala pa kupendeza pa kupeleka wageni. Wenzangu wakainamia mikeka yao. Miye, kwa kupenda sifa, nikamtajia kila kona na kila mti.

"Na penye kivuli kizuri kuliko pote, Bibi?"

"Pahala pa ukindu. Pana na kisima cha maji baridi."

Akaandika. Dada yangu akanifinya paja. Njiani akanambia, "Weye mdomo wako hauna komeo." Nikacheka.

Sikukuu iliyopita nikaenda na mjukuu wangu anayeolewa. Nilitaka kumsukia mkeka wa harusi kwa ukindu wa pale pale alipokuwa akikata bibi yangu. Wallahi niliziba pua kwa kanga. Mifupa ya kuku, chupa, nzi wamejaa. Kisimani wali unaelea na mafuta yake. Majani machanga yameng'olewa, watu wanajipepea nayo. Na juu ya mkindu, kwenye jani lenye fundo, mtu kapachika pampasi ya mtoto, imekunjwa vizuri, imejaa.

"Shikamoo Bibi, karibu biriani," akaniita mama mmoja, buibui lake linanukia udi, miguu yake imo takani.

"Marahaba. Taka hizi nani atazizoa?"

"Wapo wa kuzoa, Bibi."

Mlinzi akaja mbio. Kakiona kisu changu. "Bibi, kukata marufuku! Unaharibu mazingira."

Nikamwonesha pampasi. "Na hii? Imeota yenyewe?"

Akatuonesha njia ya kutokea. Tukarudi mikono mitupu. "Basi Bibi, tutanunua mkeka wa plastiki," mjukuu akasema kwa kunionea huruma, na kinyaa kikanipanda upya. Safari hii nilijionea kinyaa mwenyewe.

Mwezi haujesha, bwana wa daftari huyo tena. Wageni wamezidi, anataka kupanua.

"Bibi, mwenye kumbukumbu zako. Hakuna pengine penye ukindu?"

Papo. Padogo, ng'ambo ya kinamasi, na jina lake lilikuwa nchani mwa ulimi.

"Nimesahau, mwanangu."

Akanitazama. Dada yangu akadakia, "Uzee huo. Hata jina langu siku hizi halijui!"

Bwana akafunga daftari.

Mkeka wa mjukuu umefika nusu. Kule ng'ambo nilikokata nimefunga fundo, na dada yangu kafunga lake pembeni.