Jina Halikuja

Juzi nilikuwa kwenye foleni kwa wakala mmoja Kariakoo, adhana ya adhuhuri imeshaita. Mbele yangu mama muuza mikoba alikuwa anatuma sarafu za mtandaoni, mtaji wake wote, kwa tajiri wake, yule anayemuuzia mzigo kutoka China. Ameshabandika anwani, lakini kidole kikasita juu ya kioo.

“Mwanangu, mbona jina la mpokeaji haliji?”

“Huku jina haliji, mama,” wakala akamjibu. “Ni herufi na namba tu. Zisome mojamoja, ulinganishe na za tajiri.”

Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Hapo ndipo nilipokosea.

“Mama, swala inatupita. Bonyeza, wenzako tusogee.”

Akageuka, akaitazama kofia yangu, akabonyeza.

Kisha akasoma tena. “Yarabi! Hii si ya tajiri. Nimenakili ya yule aliyenidhulumu mwaka jana, bado ilikuwa kwenye simu! Mwanangu, wapigie wairudishe.”

“Hakuna wa kumpigia, mama. Huku ikienda imeenda.”

Akakaa kwenye kigoda, viganja vyote viwili vimeifunika simu. Nami nikaenda msikitini, nikapata safu ya mbele.

Niliporudi, bado yuko palepale.

“Umeniombea?” akaniuliza, bila hasira.

Nilikuwa nimeomba mengi, hata mvua. Yeye sikumkumbuka.

Ndugu zangu, swala niliiwahi. Kumsubiri mama wa watu amalize kusoma nayo ilikuwa ibada, na hiyo ndiyo iliyonipita.