King'ora cha Saa Kumi na Moja

Nilipokuwa mtoto Jinja, nyumbani kwetu hatukuhitaji saa. King'ora cha kiwanda cha nguo kililia saa kumi na moja jioni, na kabla sauti haijaisha mama alikuwa ameshainjika maji ya baba ya kuoga. Baba alitokea kwenye njia ya kwota za Walukuba, nyumba za wafanyakazi tulimoishi, akiwa na nyuzi za pamba kwenye nywele, akaoga, akavaa jezi ya timu ya kiwanda, akaenda uwanjani. Alikuwa golikipa. Sisi watoto tulikaa nyuma ya goli lake, tukimchokoza kila alipofungwa. Sikumbuki hata jioni moja aliyozungumzia kazi baada ya king'ora.

Kiwanda kilifungwa, wazazi wakahamia Mbale. Mimi nilipomaliza chuo kikuu nikarudi Jinja, kwenye ofisi ya kiwanda cha mafuta ya kupikia. Huko hakuna king'ora. Watu huacha koti kitini ili bosi aamini kwamba bado wapo, na bosi naye hutuma ujumbe Jumapili watu wakiwa kanisani. Mwaka jana alinipa nafasi ya kusimamia kitengo: mshahara mnono zaidi, na simu isiyozimwa kamwe. Alitaka jibu Jumatatu.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwa wazazi, mtaa wa Nkoma huko Mbale, kuwauliza. Nilijua baba atasema nini, na akasema: vijana wa leo hatutaki kazi, tunataka mshahara na starehe. Nikamuuliza kama bosi wake aliwahi kumfuata uwanjani. Akatazama mlima Wanale kama vile ungemjibia.

Mama alikuwa akichambua maharage. Akacheka peke yake.

"Mwambie ukweli, baba watoto. Ulipewa unyapara ukakataa."

"Sikukataa. Niliwaambia wangoje ligi iishe."

"Ligi gani hiyo, haikuisha mpaka kiwanda kikafungwa?"

Tulicheka sote, hata baba mwenyewe. Nikahisi nimeshinda. Nikaanza kueleza kwamba kumbe vijana hawajabadilika, ni kazi tu iliyobadilika. Mama akanikatiza.

"Wewe furahi tu. Yeye akidaka mipira, mimi nilikuwa natembeza nyanya. Karo yako ilitoka kwenye beseni langu, haikutoka golini. Kataa hicho cheo ukitaka, mwanangu, lakini usitafute mtu wa kukubebea beseni."

Hilo sikuwa nimelikumbuka. Katika jioni zangu zote za Walukuba, mama yuko jikoni anainjika maji, beseni halimo. Nililitafuta njia nzima ya kurudi Jinja, mpaka nikalipata: liko mlangoni, tupu, sisi watoto tunalipiga kama ngoma tukisubiri king'ora.

Jumatatu nilikataa. Bosi akauliza ninataka nini hasa maishani. Nikamjibu kwamba nataka kwenda nyumbani saa kumi na moja. Sikumwambia mengine niliyoyaamua: kwamba karo ya mdogo wangu aliye bado shuleni sasa ni jukumu langu, si la mama, na kwamba nitahamia chumba cha bei nafuu zaidi. Akatikisa kichwa, akasema sisi vijana tuna matatizo.

Saa ilipofika niliinuka. Makoti ya wenzangu yalikuwa yamekaa vitini, wenyewe hawapo. Nikachukua langu, nikalivaa, ingawa kulikuwa na joto.