Pile Mbili za Colombe

Mimi niko fundi wa saa. Kwenye carte d'identité, kitambulisho changu, wameandika Cirhuza peke yake, maana majina ya wazungu yalikatazwa, lakini nyumbani na kanisani niko Théodore. Meza yangu iko Kadutu, pembeni ya soko, chini ya bati. Kuanzia mwaka 69 niko pale, loupe ya kukuza vitu jichoni, tournevis ya kufungulia mukononi. Nimetengeneza saa za mapadri, za wanajeshi, za wafanyabiashara wa Shabunda wanaoleta saa za bei kali zimejaa udongo ndani. Sijaiba hata vis moja, skrubu ndogo, ya mutu. Ninasema ile mwanzoni kabisa, maana ile nitawaelezea ni aibu, na ninataka mujue kama nilikuwa mutu wa haki mbele ya kuwa mwoga.

Mujue tena kama hasira yangu iko karibu. Muke wangu Rosalie anasemaka nikiamka vibaya, hata jogoo inajificha.

Kitu niliichukia miaka ile ni saa za quartz. Ati saa! Hakuna gurudumu, hakuna ressort, ile springi ya ndani, hakuna kitu ya kusikiliza sikioni. Unaweka pile, betri ndogo kama kifungo ya shati, inatembea. Pile ikikufa, wengine wanatupa saa yote. Watu walianza kunipita mezani: "Papa Théodore, hii yangu haina dawa kwako."

Sasa katika hali ile, Noël, Krismasi ya mwaka 83, ndugu yangu mudogo Grégoire akafika kutoka Belgique, kwenye anasoma. Akatoa mufukoni kitu moja kama boksi ya kiberiti iliyonenepa, na kioo mbele. Ni jeu, mashine ya kuchezea. Ndani ya kioo kamutu keusi kanavuka daraja na mutungi kichwani, mawe yanaanguka kutoka juu, na wewe unafinya kushoto, unafinya kuume, ili kasipigwe. Bip, bip, bip. Niligeuza ile kitu nione inakula nini. Pile mbili, zile zile za quartz.

Grégoire akaiweka mukononi mwa binti yangu Colombe. Alikuwa na miaka kumi na mbili, sixième primaire, darasa la sita.

"Colombe, rekodi yangu iko humu ndani: six cent quarante, mia sita makumi ine. Mashine inaichunga yenyewe. Mimi ninarudi mwezi wa saba. Nikikuta umenipita, jeu ni yako. Nikikuta bado, ninairudisha Liège."

"Mbele ya Mungu, tonton?"

"Mbele ya Mungu na ya baba yako."

Nilinuna. Wageni walipoondoka nikamwambia Rosalie kama ile takataka itamaliza kichwa ya mutoto. Rosalie akanijibu bila kugeuka kwenye sufuria: "Anamaliza devoir ya masomo, anachota maji, anasonga bugali, kisha anacheza nusu saa. Watoto wa majirani saa ile wako wapi? Wako barabarani. Uniachie mutoto." Kesho yake nikamuuliza Isidore, fundi wa viatu mwenye meza karibu na yangu. Isidore akasema zile vitu zinakulaka macho. Nilimwamini Isidore juu ya neno moja tu: alikuwa anakubaliana na mimi.

Mwezi wa nne, Colombe akateremuka mbio mpaka mezani kwangu, bado na uniforme, anahema. "Papa! Nimemupita tonton! Sept cent deux, mia saba na mbili!"

Sikutoa hata loupe kwenye jicho. Nilisema: "Na calcul, hesabu ya masomo, umepata ngapi?"

Akarudi nyumbani. Siku alifikisha huit cent septante-quatre, mia nane sabini na ine, alienda kumwambia mama yake. Mimi nilisikia kupitia ukuta.

Kisha examen, mitihani ya mwisho wa mwaka, zikakaribia. Siku moja nikaingia, nikakuta ameweka jeu juu ya kitabu ya géographie. Mungu wangu! Nilimunyanganya kwa nguvu, nikapiga kelele mpaka majirani wakanyamaza. Nikasema ataiona siku tonton yake atafika. Hakulia. Alisema tu, na sauti ya chini: "Papa, usiifungue. Ukitoa pile, rekodi inapotea."

"Unanifundisha kazi? Mimi?"

Nikaenda kuifungia kwenye droo ya atelier, meza yangu ya kazi.

Juma mbili nyuma ya pale, Mama Cibalonza akafika mezani. Ni directrice, mukubwa wa masomo ya Colombe, na ni yeye alikubali kuwa marraine wake, mama yake wa kanisa, siku ya confirmation, kipaimara. Mama wa heshima sana. Saa yake ya quartz ilikuwa imekufa, na siku ya kwanza ya juma examen zinaanza.

"Walinielekeza kwa fundi mwingine kule Nguba," akasema, "nikakataa. Nikasema mimi ni kwa Papa Théodore."

Pile sikukuwa nayo hata moja. Yule mutu anayenileteaka kutoka Bujumbura alikuwa hajavuka muto Ruzizi pa mupaka mwezi muzima. Mutu wa akili angesema: Mama, sina. Lakini baada ya yale maneno, mdomo yangu ingesema sina vipi? Nikamwambia: "Pitia sokoni, Mama, urudi nyuma ya nusu saa."

Nikafungua droo. Vis mbili tu, ndogo. Maneno ya mutoto yalikuja, niliyasikia muzuri. Na hata kama hangesema, fundi yote anajua: ukitoa pile, saa ya quartz inasahau hata iko saa ngapi. Nilijiambia namba ni namba, mutoto atacheza tena, nikatoa pile ya jeu, nikaiweka kwenye saa. Mama Cibalonza aliporudi nikamufungia saa kwenye mukono, nikasema: "Pile mupya kabisa, zimefika jana." Uongo wangu wa kwanza kwenye ile meza, baada ya miaka kumi na tano. Akanishukuru sana.

Pile za Bujumbura zikafika siku tano nyuma ya pale. Siku tano! Nikaweka mbili kwenye jeu, kioo ikawaka. Kwenye rekodi: zéro, zéro, zéro.

Hapo njo moyo ilianza kunipiga. Colombe alileta bulletin ya masomo, septante-huit pour cent, sabini na nane juu ya mia, akauliza kama anaweza kupata jeu yake. Nikamwambia angojee tonton. Alikubali vile vile, bila kununa, na ile ilinikata zaidi.

Nikajiambia: wewe ni fundi, kitu umeharibu, tengeneza. Nitacheza mimi mwenyewe mpaka huit cent septante-quatre, nitairudisha kwenye ilikuwa, hakuna mutu atajua. Mikono yangu inakamataka vitu ambavyo macho ya mutu mwingine hayaoni. Kamutu na mutungi katanishinda vipi?

Kalinishinda. Kila siku saa sita, wateja wakienda kula, ninainama juu ya ile kitu. Jiwe ya kwanza ninakwepa, ya pili ninakwepa, ya tatu inanipiga. Trente, makumi tatu tu. Cinquante-deux, makumi tano na mbili. Jasho inatoka. Isidore akaweka kiatu chini akaja kuchungulia: "Ee, Papa Théodore, ni saa ya aina gani inalia bip bip?" Nilimufukuza na matusi ambayo sitaandika. Nilicheza mwezi muzima. Siku yangu ya juu kabisa nilipata cent trente et un, mia moja makumi tatu na moja, na siku ile vidole vyangu vilichoka mpaka tournevis iliniponyoka. Njo nikajua mutoto wangu alifanya kitu gani. Mia nane! Na mimi nilimuuliza calcul.

Grégoire akafika mwezi wa saba, na siku ya confirmation, dimanche, tukawa wote mezani nyumbani: Rosalie, Grégoire, Mama Cibalonza kwenye kiti ya heshima, Colombe amevaa robe nyeupe. Samaki ndogo za sambaza, kuku, bia ya Primus ya baridi. Saa iko pale kwenye mukono wa Mama Cibalonza, inatembea muzuri.

"Haya, Colombe," Grégoire akasema, "nimesikia umenipita?"

"Nimekupita, tonton. Huit cent septante-quatre."

"Wacha! Lete tuone."

Nikatoa jeu mufukoni, nikamupa. Nilikuwa nimejidanganya kama labda hataangalia. Akafinya, akaangalia, akacheka. "Cent trente et un! Colombe!"

Mutoto akasema: "Hapana. Ile si yangu."

"Njo ya nani?" Grégoire alikuwa bado anacheka, lakini kicheko ilikuwa inapungua. "Sikiliza. Kama ningekuta zéro, ningesema basi, pile zilikufa, rekodi ilipotea, na jeu ningekupa. Lakini rekodi iko. Ni cent trente et un. Mashine haidanganyi."

Mulisikia? Kama ningeiacha na zéro, mutoto wangu angeamini­wa. Ni ile kutengeneza kwangu njo ilimufunga.

Rosalie alikuwa ameenda jikoni. Mama Cibalonza akageuka, akamwangalia Colombe na huzuni: "Siku ya confirmation, mwanangu?" Na ule mukono wenye saa ulikuwa juu ya meza, karibu na sahani yangu. Nilikuwa na neno moja ya kusema. Ni mimi. Maneno mawili tu! Nilifungua mdomo, nikaweka sambaza ndani.

Colombe aliniangalia. Aliangalia uso yangu, akaangalia vidole vyangu, akaangalia tena ile kioo. Katika nyumba yetu ni nani mwingine angecheza vibaya vile? Nikaona ameelewa. Nikangojea aseme, na ninaapa, nilitamani aseme.

Akainamisha kichwa. "Nilidanganya, tonton. Unisamehe."

Grégoire akamugonga kidogo kwenye shavu, akasema hakuna neno, akarudisha jeu mufukoni mwake. Juma moja nyuma ya pale akaenda nayo Liège.

Siku tatu baada ya ile, Colombe alileta chakula yangu atelier, akasimama pale. "Papa, cent trente et un ilikuwa ya wewe?"

"Ilikuwa yangu."

"Ni jiwe ya tatu inakuuaka?"

"Ya tatu."

"Usikimbie. Ngojea kidogo pa katikati ya daraja, inapita." Akachukua sahani ya jana, akaenda. Nililia pale pale, mbele ya Isidore, nikasema ni vumbi.

Mungedhani ningeandika barua siku ile ile. Sikuandika. Nilingoja nani? Sijui. Grégoire yeye aliandika kila miezi miwili, na mimi ninasomaka barua nguvu, kwa sauti, kwa jamaa yote, kila siku ya barua. Na kila mara, kwenye salamu za mwisho, iko mustari mumoja: "Unisalimie kale kaongo kangu kadogo." Ni Colombe anamwita mwongo wake mudogo; ni mchezo tu, anamupenda. Mimi nikifika pale, ninaruka. Ninasoma "salamu kwa Rosalie", kisha ninaenda moja kwa moja kwenye "ndugu yako". Niliruka barua ine.

Ya tano ilifika jana. Nikasoma nguvu, nikafika pale, nikaruka, nikakunja karatasi. Colombe alikuwa anachambua maharagi nyuma ya kiti yangu. Sikujua kama kutoka pale anaona.

"Papa," akasema polepole, "umeruka mustari. Unaurukaka kila mara. Leo usome."

Rosalie akaniangalia. Nikafungua karatasi, nikasoma nguvu mbele ya muke wangu na mutoto wangu: unisalimie kale kaongo kangu kadogo. Kisha nikamwambia Colombe aache maharagi, alete bic ya kuandikia na karatasi, akae hapa karibu na mimi, aone ni nini ninamwandikia tonton wake.