Nilipotoka Kupasuliwa, Katonga Wakawa na Adabu

Katonga hapakuwa na adabu, na ndiyo maana nilipapenda. Ukishuka pale ufukweni mwa ziwa asubuhi, mitumbwi inarudi na dagaa, usitegemee mtu akuulize umeamkaje. Utaambiwa beseni lako lina tundu kama kichwa chako. Utaambiwa mumeo alikuoa taa imezimika. Na wewe ujibu, tena ujibu haraka, maana asiyejibu huonekana ana homa. Ndivyo tulivyosalimiana, na ndivyo tulivyofanya kazi, mchana kutwa tumeinama kwenye mchanga wa moto, tunaanika, tunageuza, tunafukuza kunguru.

Mimi nilikuwa bingwa wa mchezo huo. Sijisifu, mkitaka waulizeni. Ila alikuwepo mmoja wa kunitoa jasho, mwanamke wa Kiha aliyenizidi umri, kiwanja chake cha kuanikia kimepakana na changu. Shingo yangu ilipoanza kuvimba, wa kwanza kuona hakuwa mume wangu tunayelala kitanda kimoja. Alikuwa yeye.

"We Mmanyema, andazi la nani hilo umelificha shingoni?"

Andazi likakua. Baadaye akaliita mkate, baadaye tena akaliita mimba, akawa anauliza mbele ya wapagazi mtoto atapewa jina gani. Nikamwambia nitampa jina lako wewe, maana naona naye hana kazi ila kula na kunenepa. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga dagaa. Basi nikaenda nyumbani Ujiji na goita yangu, roho safi kabisa.

Miaka hiyo ndiyo ile ya wakimbizi. Warundi waliingia kwa miguu, Wakongo wakavuka ziwa kwa maboti, wamekaa juu ya magodoro yao. Wengi walipelekwa makambini, lakini wenye ndugu Ujiji baadhi yao walibaki kwa ndugu. Na nani Ujiji hana ndugu ng'ambo? Bibi yangu mzaa baba alizaliwa hukohuko. Kwa hiyo alipofika mlangoni kwangu mwanamke na watoto wawili, akataja ukoo wake, sikumuuliza mara mbili. Nikampa chumba cha uani. Yeye Mkristo, mimi Muislamu, akaniita Yaya, maana kwao dada mkubwa ndiye Yaya, nami nikamwita mdogo wangu. Nikampeleka Katonga nikamfundisha kuanika.

Goita ikafika mahali ugali wa muhogo haupiti. Nikilala chali napumua kama pampu ya baiskeli. Nikapanda treni nikaenda hospitali kubwa, mbali na nyumbani, na daktari akaitoa tezi yote, hakubakiza hata kipande. Akanieleza taratibu, kijana mpole yule: ile tezi ndiyo iliyokuwa ikiutia mwili moto, sasa moto huo nitaumeza kwa kidonge, kila asubuhi, maisha yangu yote. Nimeze tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nisubiri kidogo ndipo ninywe chai. Nguvu zitarudi, akasema, ila zitarudi polepole. Nikaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kama mtu anayeelewa.

Sikuwa nimeelewa chochote. Nilidhani nikitolewa nyuzi nitarudi nilivyokuwa. Kumbe nilirudi nyumbani nikiwa mzigo. Kigoma na joto lake lote, mimi nimevaa sweta. Nikichana nywele, nusu inabaki kwenye kitana. Uso umevimba, sauti imekuwa ya jogoo mwenye kikohozi. Nikifagia uani nafika katikati nakaa chini, ufagio mkononi, nautazama ule uchafu uliobaki unanitazama. Nililia kwa hasira. Mimi! Mtu niliyekuwa nikibeba beseni kichwani, mtoto mgongoni na maneno mdomoni, vyote kwa wakati mmoja.

Mume wangu, fundi baiskeli, alikuwa ananiambia tulia mke wangu, pumzika. Nikamwambia nimepumzika mpaka nimechoka. Nikamsumbua hadi siku moja akanipakia kwenye kerea ya baiskeli, akanisukuma vilimani, akaniteremsha Katonga. Kiwanja changu hakikuwa kimechukuliwa na mtu. Mdogo wangu wa kutoka Kongo alikuwa ameshaanika, dagaa wamelala vizuri, wembamba wembamba, hakuna aliyempanda mwenzake. Nilifurahi. Nikafunga kilemba changu shingoni kuficha kovu, nikasubiri maneno.

Hayakuja.

Wapagazi wakanipisha njia. "Pole mama, pita mama." Mvuvi mmoja, mtu ambaye hajawahi kunipa kitu ila kejeli, akaniletea samaki, migebuka miwili, akainama kunipa. Na yule jirani yangu Muha, mwenye ulimi kama wembe, akatandika khanga yake kivulini akasema, "Kaa hapa, dada yangu." Dada yangu! Nikamchokoza. Nikamwambia hiyo khanga ukiifua itabaki pindo tu. Akatabasamu. Akasema, "Haya, usijichoshe kuongea."

Jamani, hapo ndipo nilipoogopa. Daktari hakunitisha, kisu hakikunitisha, lakini adabu ile ilinitia baridi kuliko ugonjwa wenyewe. Katonga hawamheshimu mtu hivihivi. Nilishawaona wakiwa na adabu namna ile, na ilikuwa kwa watu ambao baada ya wiki chache tuliwachangia sanda. Nikajiambia, hawa wameshanizika, wanasubiri tu mwili. Jioni nikamwambia mume wangu sirudi tena kule mpaka nipate nguvu za kutukanwa. Akadhani naweweseka.

Tangu hapo nikajua ninachokitaka. Sikutaka pole ya mtu. Nilitaka yule Muha anifungulie mdomo.

Nikameza vidonge vyangu kwa bidii. Nikiamka tu, kabla ya kitu chochote, kidonge na maji, kisha nakaa kibarazani nasubiri chai, huku nanung'unika. Na kweli, kidogo kidogo, mwili ukaanza kuitika. Nikafagia uani kote. Nikapika mwenyewe mchuzi wa mawese, nikakaa juu ya moto na moto haukunikinaisha. Siku moja nikavua sweta nikalitupa kitandani. Mdogo wangu akacheka, "Yaya, leo uko nasikia joto?" Nikasikia joto, wallahi, nikamwambia joto ni raha, ninyi hamjui.

Ikaingia Ramadhani.

Nani angenizuia kufunga? Ujiji nzima imefunga, watoto wa jirani wamefunga, mimi nikae nakunywa chai mchana kama mgeni wa serikali? Nikaona nipo mzima wa kutosha. Kuhusu kidonge, nikapiga hesabu zangu za kichwani. Asubuhi siwezi kumeza, nimefunga. Basi nitakimeza daku. Daku si ndiyo asubuhi ya mfungaji? Nikawa nakula daku langu la haja, wali wa nazi na samaki, chai ya maziwa ya kuvuta usingizi, na katikati ya tonge na tonge nakitupia kidonge kinafuata. Nikajiona mjanja. Kuna siku usingizi ulinizidi, daku likanipita na kidonge kikanipita, nikasema si neno, kesho ipo.

Mwezi haujafika nusu, sweta likarudi. Uso ukavimba tena. Nikawa nakoroga uji wa futari nasinzia na mwiko mkononi, mpaka uji ukashika chini, nyumba nzima ikanuka. Mume wangu alikunywa uji ule wenye harufu ya moshi mpaka bakuli likaisha, na upole wake ukaniudhi zaidi. Mdogo wangu akanifuata jikoni.

"Yaya, tuende kwa dokta."

"Wewe Mkristo utanifundisha kufunga?"

"Sikufundishe kufunga. Uko nalala umesimama."

Nikamwambia atoke jikoni kwangu. Hakutoka. Akachukua sufuria iliyoungua akaanza kuisugua kwa mchanga, akiwa amenipa mgongo. Sasa utagombana vipi na mgongo? Kesho yake tukaenda kliniki, mimi mbele nimenuna, yeye nyuma.

Muuguzi tuliyemkuta alikuwa mama wa makamo aliyejitanda mtandio wake mweupe, naye amefunga, midomo imemkauka kama yangu. Akaniuliza kidonge namezea nini. Nikamwambia. Aliposikia wali wa nazi na chai ya maziwa akaweka kalamu chini.

"Mama, hicho kidonge unakilisha pilau? Kinazama humo humo kwenye chakula, damu haikipati."

"Sasa nimeze lini na nimefunga?"

"Kwanza mgonjwa ana ruhusa yake, na unaijua. Ukishikilia kufunga, daktari akupime, akikubali, uamke mapema kabla ya daku, umeze na maji, ukae. Chakula kifuate baadaye. Na usiruke hata siku moja."

Nikamwambia kuamka kabla ya daku ni kazi, hata vijana wa ngoma wanaotuamsha wanakuwa bado wamelala. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasema hilo ni lake, kwa sababu yeye huamka mapema kuwahi Katonga. Na ndivyo ilivyokuwa. Daktari alinipima, akaniambia kwanza nifungue, nimeze asubuhi kama zamani mpaka mwili utengemae, kisha akaniruhusu nimalizie siku chache za mwisho. Siku hizo chache, Mkristo ndiye aliyeniamsha kufunga. Alikuwa anagonga dirisha, ananikabidhi kikombe cha maji, anasubiri mpaka aone nimemeza, ndipo anaondoka na beseni lake. Ile hasira yangu ya jikoni sikuwahi kuiombea radhi kwa maneno. Sikukuu nilimshonea yeye na wanawe nguo za kitambaa kimoja na za wanangu, akaelewa.

Siku nilizokula nikazilipa baadaye, moja moja, bila haraka. Na nguvu zikaja. Hazikuja kama mgeni anayepiga hodi, nilizigundua tu zimeshaingia. Nilijikuta nimefua nguo zote nikazianika, ndipo nikakumbuka sikukaa chini hata mara moja. Nilijikuta nina njaa, njaa ya kweli, ya kulamba vidole. Nywele zikaota fupi fupi pembeni mwa paji la uso, kama za mtoto. Tukagombana na mume wangu juu ya magurudumu anayoyarundika mlangoni, tukagombana vizuri, sauti imenitoka mpaka jirani akachungulia. Mume wangu akakaa juu ya gurudumu akacheka. Akasema nyumba ilikuwa imepoa mno.

Kesho yake sikusubiri baiskeli. Nikatembea.

Kupanda kile kilima jasho lilinitoka, likanitiririka mgongoni, nami nikaliacha litiririke, Alhamdulillahi. Nilifika Katonga mitumbwi inashusha. Nikagombea bei na mvuvi kama zamani, nikapata beseni langu, nikalibeba mwenyewe kichwani hadi kiwanjani. Mdogo wangu akanisogelea kunipokea, nikamkatalia kwa kichwa, na beseni likiwa juu yake. Kilemba cha shingoni nikakivua nikakichomeka kiunoni, kovu liote jua na wao walione. Nikaanza kuanika.

Muha alikuwa amechutama kwake, anageuza. Hakunisalimia. Nikamwamkia mimi, kwa Kiha chake, "Mwakeye!" Alikuwa ananitazama mikono. Mikono ilikuwa na haraka ya furaha, na ukweli usemwe, nilikuwa nawarundika, mmoja juu ya mwenzake.

"We Mmanyema."

"Naam."

"Hao dagaa unawaanika au unawazika? Ulikokwenda walikutoa tezi au walikutoa akili?"

Waliokuwa wanageuza dagaa wakaacha kugeuza. Mpagazi akasimama na gunia lake begani.

"Akili niliiacha hapa kwako," nikamwambia, "nikijua ukiwa nazo mbili angalau moja itafanya kazi. Naona zote zimeoza."

Mtume! Walivyolipuka! Mpagazi alitua gunia chini akashika mbavu. Mdogo wangu alikaa kwenye mchanga na kujifunika uso kwa khanga. Nami nikacheka mpaka kovu likanivuta. Muha peke yake hakucheka. Alivuka mpaka wa viwanja vyetu, akachutama mbele yangu, akaanza kuwatandaza dagaa wangu upya, mmoja mmoja.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini aliniacha muda wote ule, na dada yangu, dada yangu, kama msibani.

Hakuinua uso. "Mume wangu asubuhi ile nilimwita mvivu," akasema. "Watu wapo, wakacheka, naye akacheka akasukuma mtumbwi." Kwamba ziwa lilimchukua mumewe tulijua wote. Hilo la asubuhi ile sikuwahi kulisikia. "Tangu hapo simtanii mtu anayeondoka."

"Na leo?"

Akanitazama, kwanza kovu, kisha uso wangu wote unaotiririka jasho.

"Leo nimeona huendi popote."

Nikaangua kilio palepale, mtu mzima, mikono imejaa magamba. Akaniambia nikalie kwangu, nisije nikamlowanishia dagaa.