Taa Nyekundu ni Kushoto

Enzi zetu darasa la kwanza lilikuwa darasa la kwanza kwelikweli. Nasema "enzi zetu" nikiwa na miaka kumi na sita, na najua kuna watakaocheka. Mama amekwisha kucheka.

"Enzi zipi hizo, Bwana Swaleh?" aliniuliza nilipomwambia naandika kumbukumbu. "Shati lako la darasa la kwanza ndilo ninalopangusia meko mpaka leo."

Mimi naona huo ndio ushahidi wenyewe. Shati likishakuwa kitambaa cha meko, mwenyewe ana haki ya kukumbuka.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Tulikuwa tukitoka Wiyoni kwa miguu, mkoba mgongoni mkubwa kuliko mgongo, na ndani ya mkoba daftari tatu na hamri moja iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari ya nne. Shuleni tulikaa wawili wawili kwenye dawati, na katikati ya dawati kulikuwa na mstari wa chaki. Kiwiko chako kikivuka mstari, kinapigwa. Wakati wa mapumziko tulinunua barafu za kifuko, zile za ukwaju, ukitoboa pembe kwa jino na kufyonza mpaka ibaki barafu nyeupe isiyo na ladha. Watoto wa siku hizi hawazijui. Vifuko vilipigwa marufuku, sasa wananyonya barafu kwa kijiti kama watu wazima.

Masomo nayo yalikuwa masomo. Kwenye Kiingereza tulisimama sote na kuimba kwamba tu wazima, asante sana, hata kabla hatujaulizwa. Fahmi, mwenzangu wa dawati, aliimba hivyo akiwa na homa, kisha akatapika. Kwenye Kiswahili nilijifunza kwamba kile tunachokiita "ndia" nyumbani shuleni kinaitwa "njia", na kwa muda mrefu niliamini ni mahali pawili tofauti. Kwenye Hisabati tuliambiwa tuje na kokwa ishirini za ukwaju za kuhesabia. Tukaja na ukwaju wenyewe, kokwa zikiwa bado ndani, kwa hiyo kila hesabu ilianza kwa kula. Hadi kengele inalia meno yamekufa ganzi na hatujafika kumi. Somo la Dini peke yake ndilo tulilopata sote alama zote, maana tulikwisha kulisoma kwenye chuo cha Kurani na ustadhi wa chuo hakuwa mtu wa kumjaribu. Na kwenye Sanaa tuliambiwa tufinyange kitu chochote tunachokiona nyumbani. Tulikuwa watoto thelathini na wanane. Wakatoka punda thelathini na saba. Wa thelathini na nane alikuwa wangu, naye pia alikuwa punda, ila mwalimu aliandika chini yake "kiti, kizuri".

Mwalimu huyo alikuwa Madam Kerubo. Alitoka bara, mbali sana, na ndiyo kwanza afike Amu, kisiwani kwetu, ambako wakati huo njia zilikuwa za punda na miguu tu. Alikuwa mpole, ana sauti ya kengele, na anaogopa punda. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Mazingira, na kwenye Mazingira sura aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya usalama barabarani. Kitabuni kulikuwa na picha ya barabara pana, magari yamepanga foleni, na mlingoti wenye taa tatu. Sisi tuliitazama picha ile kama watoto wengine wanavyotazama picha ya simba. Tulijua ni kitu cha kweli. Tulijua kiko mahali. Hatukutarajia kije.

Sasa nieleze shida yangu. Muhula wa tatu ulipokaribia mwisho, Madam Kerubo alimwita Mama shuleni. Kurudia darasa kulikuwa hakuruhusiwi, kwa hiyo kulifanywa kwa heshima, mzazi akipewa kiti na maji ya kunywa. Madam akasema kusoma kwangu kunasuasua, hesabu hali yake ni mbaya, lakini nikipita vizuri Mazingira atanipandisha darasa la pili.

Mama alinishika mkono mpaka nyumbani. Tulipofika mlangoni akasema, "Mwakani nduguyo Zuhura anaingia darasa la kwanza. Ukirudia, wallahi nitamwomba Madam muketi dawati moja."

Zuhura alikuwa ameketi kizingitini, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, hana meno mawili ya mbele. Akacheka kwa furaha. Mimi nilihisi dunia imeinama upande mmoja.

Basi nikasoma. Nilisoma Mazingira kama mtu anayesomea unahodha. Nilimketisha Zuhura kwenye mkeka nikamfanya mwanafunzi wangu, nikamkaririsha: kulia, kushoto, kisha kulia tena. Alikariri mpaka akawa anaimba akioga. Mimi mwenyewe sikuwa na haja ya kukariri. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Siku ya mtihani Madam Kerubo alichora barabara uwanjani kwa chokaa. Alichora mistari ya kuvukia, akawapanga watoto wengine wawe magari, akaita mmoja mmoja na kumwuliza kwa mdomo. Ilipofika zamu yangu, Fahmi alikuwa lori.

"Swaleh. Umefika barabarani, unataka kuvuka. Utafanya nini kwanza?"

Nakuambieni kweli, sikubahatisha. Nilitafuta kichwani mwangu mtu anayevuka salama, nikajiona mwenyewe, asubuhi ile ile, kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti, punda watatu wanakuja na mifuko ya saruji na mwenye punda anapiga kelele "Simileni! Simileni!"

"Nitabana ukutani, Madam."

"Ukuta gani?"

"Wowote ulio karibu."

"Halafu?"

"Navuta tumbo ndani, nageuza uso, mpaka wapite wote."

"Akina nani wapite?"

"Punda."

"Swaleh, hakuna punda hapa. Hizi ni gari."

Nikamtazama Fahmi. Fahmi akanguruma kidogo kunisaidia.

"Gari litaingia kichochoroni, Madam?"

Madam Kerubo akafumba macho. Alipoyafumbua akaamua kunihurumia, akaniuliza la taa, ambalo lilikuwa rahisi kuliko yote. Nami nilifurahi, kwa sababu taa nilizijua. Baba alikuwa na boti ya kupeleka abiria Shela, na mwaka ule alikuwa amenunua taa mbili za boti na kutufundisha sote nyumbani, hata nyanya.

"Taa nyekundu maana yake nini?"

"Kushoto."

"Na ya kijani?"

"Kulia."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Baba."

"Na ya manjano?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Baba hakununua ya manjano. Nikafikiri sana, nikaona haya kukosa. "Hiyo ni karabai, Madam. Ya kuvulia dagaa."

Aliandika sifuri, akaizungushia duara mara mbili.

Niliporudi nyumbani Baba alisikiliza kisa chote, akasema majibu yangu yote yalikuwa sahihi, maana kwenye boti taa nyekundu hukaa kushoto na ya kijani kulia. Mama akamwambia basi akaketi yeye darasa la kwanza.

Mwaka uliofuata Zuhura aliingia darasani na shati jipya na kuketi kando yangu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchora mstari wa chaki, na hakuuchora katikati. Madam Kerubo alipouliza swali la barabara, Zuhura alinyoosha mkono kabla swali halijaisha: kulia, kushoto, kisha kulia tena. Akapigiwa makofi. Hakuna aliyempigia makofi mwalimu wake. Tangu siku ile amekuwa mbele yangu katika kila mtihani, nami nimekuwa nikimwazima rula na kumwibia majibu kwa miaka tisa, dawati moja, kiwiko kwa kiwiko. Watu wakatuita mapacha. Nilikanusha kila mara, kwa sauti.

Watoto wa darasa la kwanza wa siku hizi hawana shida hiyo. Bodaboda zimefika mpaka Wiyoni, na mtoto wa miaka sita anakutajia aina ya pikipiki kwa mlio tu. Ukimwuliza karabai ni nini, anakutazama kama ulizaliwa siku moja na nyanya yake. Punda akipita wanampiga picha. Huo ndio uerevu wa sasa, na siupingi.

Matokeo ya gredi ya tisa yalipotoka, Zuhura aliitwa shule ya bweni huko bara. Mimi niliitwa hapa hapa, umbali wa dakika kumi kwa mguu. Tulimsindikiza kwa boti mpaka Mokowe, ng'ambo, kupanda basi. Mama alilia, Baba akakagua magurudumu kana kwamba anajua kitu. Mimi nikamwambia Zuhura, "Kulia, kushoto, kisha kulia tena."

"Najua, wewe. Nilikushinda hilo," akasema, akapanda.

Baada ya wiki tatu akapiga kwa simu ya mwalimu wake. Mama akamaliza kuuliza habari za chakula, akanipa simu.

"Swaleh, usimwambie mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile tulipofika stendi, basi kubwa likaja kinyumenyume. Nikasahau yote."

"Ukafanyaje?"

"Nikabana ukutani."

"Ukuta gani?"

Nikamsikia anacheka kama alipokuwa hana meno mawili. "Wowote uliokuwa karibu."

Gredi ya kumi kila mwanafunzi ana kiti chake na meza yake, si kama enzi zetu. Ni maendeleo. Natandaza viwiko vyote viwili mpaka mwisho wa mbao, na hakuna anayevipiga.