Hesabu Nyuma ya Jani

Nilikaa miaka mitatu kwenye boma la mtu ambaye sikuwahi kuuona uso wake. Hakuwa mgonjwa, wala hakujificha kwa sababu ya deni au kesi. Alikuwa baba mkwe wangu, na kwa Wanyakyusa wa zamani zile mke wa mwana hamwoni baba mkwe, hamsemeshi, na jina lake halitamki. Mpaka leo sijalitaja, na humu sitalitaja.

Mimi nilitoka Iringa, binti wa mwalimu wa misheni, nimemaliza darasa la nane na ulimi wangu hauna breki. Nilipoolewa milimani, juu ya Uyole kwenye njia ya kwenda Tukuyu, nilidhani mila ile ni mchezo wa wiki moja wa kumpima bibi harusi. Kumbe ni ya maisha. Mume wangu alirudi kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi mwezi uleule, akaniacha na mama yake, mdogo wake wa kiume, na kikohozi.

Nasema kikohozi kwa sababu ndicho nilichokijua. Mzee akitoka nyumbani kwake alikohoa mara mbili, ili nipate muda wa kujitupia kanga kichwani na kuingia jikoni. Ukungu wa kule si wa kuusimulia mtu wa Dodoma akakuelewa. Unashuka alfajiri na kulala juu ya migomba mpaka saa nne au tano, na ndani yake sauti hazina upande. Nilisikia kikohozi kushoto, nikakimbilia kulia, kisha nikakikuta kulia. Nilipita uani nikakuta kigoda chake bado kina joto, na alama za fimbo yake kwenye tope zikielekea mahali ambapo sikuona mtu. Baada ya miezi michache nilianza kuota mtu asiye na uso, na sikuona haya kumwambia mama mkwe. Alicheka akasema hata yeye alimwota baba mkwe wake hivyohivyo mpaka walipomzika.

Mwaka wa tatu, shemeji yangu alirudi likizo ya Juni kutoka shule ya sekondari huko upande wa Iringa. Alikuwa darasa la tisa, mrefu kama mwanzi, mpole, na mwoga wa kila kitu. Alikuja na barua ya mkuu wa shule. Ilisema kwamba ameanguka hesabu, kwamba shule ikifunguliwa atafanya mtihani ule tena, na akianguka mara ya pili asifungue sanduku lake bali arudi nyumbani.

Mama mkwe ndiye aliyeniletea jikoni hukumu ya mzee.

"Baba yako amesema, akishindwa anamfuata kaka yake Makongolosi. Hataki mtu mzima wa kukaa hapa anakula ndizi."

Mume wangu alikuwa ameshaacha vidole viwili kwenye shimo lile. Shemeji alijua. Nilimwona jioni ile amekaa nyuma ya zizi akiviangalia vidole vyake kimoja kimoja, nikaona uchungu na hasira pamoja.

"Nitamfundisha mimi," nikamwambia mama mkwe.

"Wapi, mkamwana? Uani anapita. Jikoni kuna moshi. Na sauti yako asiisikie."

Tulikubaliana migombani, chini kabisa karibu na kijito, asubuhi, mzee anapokuwa kwa ng'ombe wake. Mama mkwe angekaa njiani akimenya ndizi, na akimwona mumewe angeanza kuimba.

Daftari la shemeji lilikuwa limejaa, na karatasi kwetu haikuwa kitu cha kuchezea. Basi nilifanya kama tulivyofanya utotoni kwetu. Nilikata jani pana la mgomba, nikalitundika kwa kamba kati ya mashina mawili, nikaandika kwa mwiba. Ukikwaruza jani bichi, mstari unatoka mweupe, na baada ya dakika chache unageuka kahawia na hauondoki. Mimi nilisimama upande mmoja na shemeji wangu, na upande wa pili wa jani kulikuwa na ukungu tu. Kitabu chake nilikisoma kila usiku nikiwa nimefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Ukweli ni kwamba nilikuwa mbele yake kwa ukurasa mmoja, siku nyingine nusu ukurasa.

Siku ya nne nilifika mapema kukata jani jipya. Nyuma ya mstari wetu wa migomba, hatua tano hivi ndani ya ukungu, nikaona jani kavu kiasi, limewekwa chini na kukandamizwa kwa jiwe. Lilikuwa limeandikwa kwa mwiba. Zilikuwa namba, moja mpaka tisa, zinatetemeka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Na zote zilikuwa zimegeuka. Tatu ilitazama kulia, saba ilitazama kulia, nne ilipinduka kama mtu aliyevaa koti mgongo mbele.

Nilidhani ni utani wa shemeji. Nilipomwonyesha, alikataa kulishika.

"Shemeji, mimi sikuandika hii."

Kesho yake lilikuwepo jingine. Safari hii ilikuwa hesabu yetu ya jana yote, mstari kwa mstari, imegeuka kama sura ndani ya maji. Keshokutwa yake jingine tena. Nililipeleka kwa mama mkwe nikijifanya nacheka. Yeye hakucheka. Alilishika kwa ncha za vidole, akalitazama sana ingawa hakujua kusoma, akauliza kama ni kweli limeandikwa kinyume. Nikasema ndiyo.

"Pale kijitoni walizikwa watu wa zamani wa boma hili," akasema. "Wao kila kitu chao kiko kinyume na chetu. Sisi tunalala, wao wanaamka."

Nilikuwa Mkristo wa misheni, nimefundishwa kwamba mambo hayo ni ujinga. Lakini asubuhi ile nilifundisha macho yakiwa kwenye ukungu. Kulikuwa na kitu upande wa pili wa jani. Sikukiona. Nilikisikia tu kikipumua nilipoacha kusema, na nilipoanza kusema kikatulia.

Siku ya tisa niliweka hesabu ya malori, kwa sababu shemeji hakuelewa treni za kwenye kitabu. Lori moja linatoka Mbeya saa moja asubuhi, linakwenda maili kumi na nane kwa saa. Jingine linatoka Iringa saa hiyohiyo, linakwenda maili ishirini na mbili. Kati ya miji hiyo kuna maili mia mbili na arobaini. Yatakutana baada ya saa ngapi? Shemeji hakupata. Mimi, kwa kujiamini kwangu kote, nikakoroga mwendo wa malori yale na kumpa jibu la saa kumi na mbili. Aliandika kichwani kwa utii.

Kesho yake jani lilikuwa chini ya jiwe. Mia mbili arobaini, imegeuka. Arobaini, imegeuka. Na mwishoni, badala ya kumi na mbili yangu, kulikuwa na sita.

Nilichuchumaa pale kwenye umande nikapiga hesabu upya kwa kidole kwenye tope. Ilikuwa sita. Niliona aibu kabla sijaona woga. Halafu woga ukaja wote kwa mpigo, maana mzimu wa kunitisha ningeuvumilia, lakini mzimu wa kunisahihisha?

Shemeji alipoliona, aliweka kitabu chini.

"Mimi huko siendi tena. Afadhali Makongolosi."

"Afadhali Makongolosi? Utakwenda kuacha vidole vingapi?"

"Vyote! Kule angalau namwona anayeniua."

Alikaa siku mbili ndani amejifunika blanketi. Zilikuwa zimebaki siku nane shule ifunguliwe. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamwombea, nikamtukana tena. Siku ya tatu nilimshika mkono nikamburuta, mama mkwe akinisukumia kwa nyuma, ingawa yeye mwenyewe hakuthubutu kupita mahali pake pa kumenya ndizi.

Ukungu siku ile ulikuwa mzito mpaka matone yakadondoka kutoka kwenye majani kama mvua. Nilitundika jani. Nikaanza. Shemeji alisimama amefumba macho. Upande wa pili pumzi ikaja, ikatulia. Niliandika mgawanyo mrefu, nikakandamiza mno, na mwiba ukatoboa jani.

Kupitia tundu lile nuru kidogo ikapita, na hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Kila mkwaruzo ulikuwa ukionekana upande wa pili, umegeuka. Yeyote aliyekaa kule hakuwa ameandika kinyume. Aliandika vilevile alivyoona.

Na papo hapo, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, mtu alibana kikohozi kooni. Kilimponyoka nusu.

Miguu yangu ilijua la kufanya kuliko mimi. Kanga ilikuwa tayari imefika kichwani, kisigino kimeshageuka kukimbia. Mwanamke wa pale angekimbia, na mzee angekwenda zake, na mambo yote yangekuwa safi kama mila inavyotaka, na mwanawe angeshuka shimoni akiwa safi. Nilimwangalia shemeji. Alikuwa amefumbua macho. Yeye hakukitambua kikohozi kile, kwa sababu hakuwahi kuwa na haja ya kukikimbia.

Nikajifunika mpaka machoni, nikaligeuzia jani mgongo wangu wote. Nikafungua kamba kwa kupapasa na kuligeuza jani lenyewe, sura yake ielekee kule kwenye ukungu. Halafu nikaendelea kufundisha, nikitaja kila namba polepole na kwa sauti. Nilikuwa nimelowa jasho kwenye baridi ile ya Juni. Shemeji akasema haoni vizuri, namba zimepinduka.

"Leo na wewe soma hivyohivyo," nikamwambia. "Utazoea."

Siku zilizobaki nilimsahihishia mwanafunzi mmoja mbele yangu na mwingine nisiyemwona. Sikumwambia mtu. Kama ni dhambi, tulikuwa nayo wawili, na yeye ndiye mwenye mila.

Siku moja kabla ya safari, mzee alimwita mwanawe uani. Nilikuwa jikoni na mama mkwe, nimekaa chini nyuma ya ukuta, na kila neno nililisikia.

"Lori linatoka Mbeya," ilisema ile sauti, kavu, ya karibu kuliko nilivyowahi kuisikia. "Maili ishirini na tano kwa saa. Jingine Iringa, thelathini na tano. Yatakutana baada ya saa ngapi?"

Alikuwa amebadilisha namba yeye mwenyewe. Nilijua jibu, na shemeji alilijua pia, jana tu alipata tatu ngumu kuliko hiyo. Lakini mbele ya baba yake alikauka. Niliuma upindo wa kanga. Neno moja kutoka jikoni lingemwokoa, na neno hilohilo lingenitoa katika nyumba ile. Mama mkwe alinikamata mkono kwa nguvu, hakuelewa hesabu lakini alielewa ukimya.

"Saa nne," ikasema sauti ya mzee.

Nilimsikia shemeji akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mimi sikukaa darasani. Nimekaa nyuma ya jani, kwenye umande, na kifua hiki, na mpaka jani lilipogeuzwa sikujua kwamba namba zimegeuka. Ni kazi ngumu. Nilidhani unacheza." Alikohoa, kikohozi kirefu. "Nenda ukafanye mtihani wao. Ukishindwa, rudi hapa uanze tena na aliyekufundisha. Makongolosi huendi."

Shemeji alipanda lori Uyole kesho yake. Tulisubiri wiki tano, na wiki zile sikulala vizuri, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Barua ilipofika, mama mkwe aliitia kwenye kikapu aipeleke bondeni kwa mwinjilisti, maana ndiye aliyesoma barua zote za boma lile. Mimi nilijua kusoma, lakini barua za mzee zilisomwa mbele ya mzee. Alikuwa ameshafika langoni kikohozi kilipomsimamisha.

"Asome aliyemfundisha."

"Baba," mama mkwe akasema, "utaisikia sauti yake."

"Nimeshaisikia likizo nzima."

Nilisikia kigoda kikiburutwa mpaka kwenye ukuta wa jikoni, na mwili mzito ukikaa, mgongo wake ukiegemea udongo ambao mgongo wangu uliuegemea upande wa ndani. Mama mkwe aliniingizia barua kwa mkono bila kuniangalia. Nilisoma. Shemeji aliandika kwamba amepata maksi sitini na nane, kwamba amepewa kitanda kilekile, kwamba baridi ya Iringa ni kali.

Nilipomaliza nikaikunja barua. Nilidhani nimeharibu kitu ambacho hakitengenezeki.

Kisha ukuta ukatikisika kidogo mgongoni mwangu, na si kwa kikohozi. Mzee alikuwa akilia. Alipopata sauti, alisema neno moja.

"Tena."

Nikarudia tangu mwanzo, na mimi nikilia.