Begi Lililokalia Kiti cha Msusi

Kwa miaka kumi na mmoja kiti cha nyuma cha pikipiki ya fundi mizani kilikuwa na mwenyewe. Kila asubuhi mkewe, aliyekuwa msusi, alikikalia, akamkumbatia mumewe kiunoni na kumwegemezea shavu mgongoni mpaka mlangoni pa saluni. Hata majirani walishazoea: pikipiki ikinguruma, wawili hao wamepita.

Asubuhi moja msusi akatoka nje akakuta kiti kimekaliwa na begi.

Lilikuwa begi la turubai jeusi, laini, limefungwa kwa mikanda minne iliyopita chini ya kiti. Mumewe alikuwa akilizunguka huku akitabasamu kama aliyepata mtoto wa kwanza.

“Lione, mama. Sanduku la chuma lingekuwa zito, nyuma ingeyumba kila kona. Lile kreti nalo unajua lilivyonivunjia sahani za mizani za watu. Hili linakumbatia kiti. Mawe ya mizani nayaweka chini kabisa, karibu na mgongo wangu. Bisibisi zinakaa juu.”

“Na mimi nakaa wapi?”

Fundi akakuna kisogo. “Siku mbili tatu tu, mke wangu, mpaka nizoee kulifunga na kulifungua. Saluni si mbali.”

Karibu na mgongo wangu! Msusi alikwenda akiyarudia maneno hayo njia nzima, dakika ishirini na tano kwa miguu, vumbi likimpanda mpaka magotini.

Siku mbili tatu zikawa wiki mbili. Wivu wa begi pengine angeumeza, maana nani atamweleza mtu kwamba anaonea kijicho turubai? Lakini mteja mmoja, kichwa kimesukwa nusu, akafungua mdomo.

“Begi la shemeji zuri kweli. Si bure pikipiki yake ilikuwa haiondoki kwa Bi Turubai. Wiki ile kabla ya begi niliiona pale Jumatatu, Jumatano, na Ijumaa tena.”

Msusi alivuta nywele mpaka mteja akapiga ukelele. “Dada! Hicho ni kichwa, si kamba!”

Bi Turubai alikuwa mjane aliyeshona vitambaa vya viti na maturubai ya malori karibu na gereji. Kicheko chake kilivuka barabara. Na fundi alikuwa amesema begi kalinunua “mjini”. Mjini! Kwani Bi Turubai anaishi porini?

Kesho yake, mume akiwa bado anakunywa chai, msusi akatoka nje. Vidole vilivyozoea kufumua misuko iliyokaza havikupata shida na kibanio cha mkanda. Akaufungua ule wa upande wa ekzosi, akauchomeka tena kijuujuu uonekane umefungwa. Hakutaka mtu aumie. Alitaka tu begi lipinduke, bisibisi zimwagike mbele za watu, mume arudi akisema Bi Turubai hajui kushona.

Ilipofika saa nne, mkono wake ukasimama katikati ya msuko. Je, ule mkanda ukiingia kwenye gurudumu? Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Kila pikipiki iliyopita nje ilimfanya ainue kichwa, na mistari aliyosuka siku ile ilikwenda kombo.

Karibu na saa saba fundi akaingia saluni, shati limechanika kiwikoni, damu imekauka, begi kwapani lina tundu la kuungua.

“Limeteleza likalalia ekzosi,” akasema. “Nikasikia harufu, nikafunga breki ghafla, nikaangukia majanini. Ni Mungu tu. Nadhani Bi Turubai hakukaza mshono. Naenda kumwambia.”

Jina hilo lilimtoka kwa mara ya kwanza, wala hakugundua. Msusi akavua aproni. “Twende wote.”

“Karibu, kaka! Na wifi leo kaja!” Bi Turubai aliwapokea kwa kelele. Wifi! Neno hilo lilimchoma msusi kama sindano. Mjane akaligeuza begi, akauvuta mshono, akakibonyeza kibanio mara mbili. Sauti yake ikashuka.

“Mshono mzima. Kibanio kizima. Huu mkanda haukukatika, kaka. Umefunguliwa.”

Hapo msusi angeweza kumsingizia yeyote, hata watoto wa jirani.

“Ni mimi,” akasema.

Fundi akamtazama kama hamjui. “Ningekufa.”

“Najua.”

“Kwa sababu ya begi?”

“Kwa sababu ya mara tatu ulizokuja hapa ukaniambia mjini.”

“Ningekwambia mwanamke ananipimia kiti, ungelala usingizi wewe?”

Bi Turubai akatunga uzi sindanoni. “Mara ya kwanza alileta vipimo vya kamba, vikawa vifupi. Mara ya pili begi likaziba taa ya nyuma. Mara ya tatu nikamweka kando, nikakipima kiti mwenyewe. Wifi, mwanaume asiyeweza kupima kiti chake mwenyewe, nani amtamani?”

Fundi akacheka licha ya kiwiko chake. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma msusi kuliko yote.

Siku nne mumewe hakumsemesha zaidi ya “chai” na “asante”. Siku ya tano akalikunja begi tupu, likawa dogo kama mto wa kulalia. “Panda,” akasema. “Lipakate.” Tangu hapo mawe ya mizani na bisibisi hulala kwenye droo ya saluni. Asubuhi msusi hushuka, hulifunga begi kitini yeye mwenyewe, mikanda yote minne, kisha wanapakia vifaa pamoja. Kabla ya kuondoka fundi huuvuta mkanda wa upande wa ekzosi, mara mbili. Msusi huona, asiseme kitu.

Tundu lilizibwa kwa kiraka cha kahawia chenye mshono mzuri ajabu. Wateja hukisifu, huuliza kazi ya nani. “Ya mama mmoja huko karibu na gereji,” msusi hujibu, na hapo hapo huwaambia wainamishe kichwa.